Theodore Roosevelt, Rais Aliyewalea Wanawe Porini

Tarehe 21 Aprili 1909, marikebu ya Kijerumani iliyoitwa Admiral ilitia nanga Mombasa. Miongoni mwa abiria walioshuka alikuwamo bwana mmoja mwenye kifua kipana, miwani na masharubu, pamoja na kijana wake wa miaka 19. Bwana huyo alikuwa Theodore Roosevelt, ambaye majuma saba tu kabla ya siku ile alikuwa bado Rais wa Marekani. Wengi wetu twalijua jina lake kwa sababu ya safari hiyo ya uwindaji, na wengine kwa sababu ya wale dubu wa kitambaa wanaochezewa na watoto. Habari za urais wake zimo katika vitabu vya historia, nasi hatutazirudia sana hapa. Twataka kumweleza kama baba wa watoto sita, mtu aliyependa kukaa nje ya nyumba kuliko ndani, na aliyeamini kwamba mahali pazuri pa kumfundishia mtoto ni porini, mtoni na mlimani. Imani hiyo ilimpa furaha kubwa kuliko zote alizozipata. Ilimgharimu pia, kama tutakavyoona.

Alizaliwa mjini New York tarehe 27 Oktoba 1858, katika nyumba ya watu wenye mali. Lakini mali haikumsaidia kuvuta pumzi. Tangu utoto wake alishikwa na pumu kali, na usiku mwingi hakuweza kulala ila kwa kuketi, ameegemezwa mito. Baba yake, ambaye naye aliitwa Theodore, alikuwa akimpakata na kutembea naye chumbani, na mara nyingine aliamuru farasi wafungwe garini usiku wa manane, akamzungusha mtoto mabarabarani ili upepo umwingie kifuani. Yule mzee hakuwa daktari, wala dawa ya pumu haikuwapo siku zile. Alichokuwa nacho ni mikono yake na gari lake, akavitumia. Mtoto hakusahau.

Basi mtoto asiyeweza kukimbia na wenzake alianza kutazama. Alitazama ndege, panya, vyura na wadudu. Siku moja alimwona sili aliyekufa, amewekwa mbele ya duka sokoni, akawa anarudi kila mara kumtazama na kumpima. Mwishowe alipewa fuvu la mnyama yule, na kwa fuvu hilo yeye na binamu zake wakaanzisha jumba lao dogo la makumbusho nyumbani. Alipokuwa na umri wa miaka kumi na mitatu hivi alipewa bunduki, akashangaa kuona wenzake wanalenga vitu ambavyo yeye havioni kabisa. Hapo ndipo ilipojulikana kwamba macho yake hayaoni mbali. Aliponunuliwa miwani, dunia ikafunguka kwake kama mlango, na ndege aliokuwa akiwajua kwa sauti tu akawajua na kwa rangi zao.

Baba yake alimwambia kwamba akili anayo lakini mwili hana, na kwamba kuujenga mwili huo ni kazi yake mwenyewe. Kijana akaanza mazoezi, kuinua vyuma, kupanda farasi, kupiga makasia na kupigana ngumi. Pumu haikuisha mara moja, lakini ilianza kumwogopa. Mwezi wa Februari 1878, Theodore alipokuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Harvard, baba yake alifariki akiwa na umri wa miaka 46 tu. Mwana alihuzunika mno, na tangu hapo, kila alipofanya jambo kubwa, alijiuliza kama mzee wake angeliridhika nalo.

Alioa siku ya kuzaliwa kwake, tarehe 27 Oktoba 1880. Mke wake aliitwa Alice Lee, naye alimpenda kupita kiasi. Tarehe 12 Februari 1884 Alice alijifungua mtoto wa kike. Roosevelt alikuwa mbali, kazini mwake katika baraza la kutunga sheria la New York, akapelekewa simu ya furaha, na mara ikafuata nyingine ya kumwita upesi. Alipofika nyumbani alikuta mama yake mzazi yu mahututi kwa homa ya matumbo, na mkewe yu mahututi kwa ugonjwa wa figo. Mnamo tarehe 14 Februari wote wawili walikufa, mama kwanza na mke baada ya saa chache, katika nyumba ile ile moja. Katika kitabu chake cha kumbukumbu za kila siku, Roosevelt alichora msalaba mkubwa wa mshazari kwenye ukurasa wa siku ile. Alikuwa na umri wa miaka 25.

Mtoto alipewa jina la mama yake, Alice, akaachwa kwa shangazi yake, Anna. Baba mtu alikwenda zake magharibi, katika nchi kavu ya Dakota, akanunua ng'ombe na kuishi pamoja na wachungaji. Huko alilala chini, alipanda farasi mchana kutwa, aliwinda, alivumilia baridi na jua. Wale wachungaji walimcheka kwanza kwa ajili ya miwani yake, kisha wakaacha kucheka. Baridi kali ya mwaka 1886 kuingia 1887 iliwaua ng'ombe wake wengi, na fedha nyingi aliyoiweka huko ikapotea. Lakini pori lilimponya kwa namna ambayo mji usingeweza.

Hapa lazima tuseme ukweli, hata kama twamheshimu marehemu. Roosevelt hakulitaja tena jina la mkewe wa kwanza. Hata katika kitabu alichokiandika kueleza maisha yake mwenyewe, hamna neno juu yake. Binti yake Alice alikua bila kusikia habari za mama yake kutoka kinywani mwa baba. Machache aliyoyajua aliambiwa na shangazi yake. Twaweza kuielewa huzuni ya namna hiyo, lakini mtoto ana haki ya kujua alikotoka, na mtu yule aliyekuwa shujaa mbele ya dubu na simba alishindwa na jambo hili moja mpaka kufa kwake.

Mnamo tarehe 2 Desemba 1886 alioa mara ya pili, huko London. Bibi huyu, Edith Carow, walifahamiana tangu utoto wao. Wakakaa katika nyumba kubwa ya mbao na matofali iitwayo Sagamore Hill, karibu na mji wa Oyster Bay, mahali penye msitu, shamba na ghuba ya bahari. Alice mdogo alichukuliwa kukaa nao. Kisha wakazaliwa wengine watano: Theodore mdogo, aliyeitwa Ted, mwaka 1887, Kermit, 1889, Ethel, 1891, Archibald, 1894, na kitinda mimba wao, Quentin, 1897.

Watu waliopita Sagamore Hill siku zile walimwona mtu mzima akikimbia mbele ya kundi la watoto, wake na wa ndugu zake, wote wamelowa na kuchafuka matope. Mchezo wao mkubwa ulikuwa huu: walichagua mahali mbali, kisha wakaenda moja kwa moja mpaka huko bila kuzunguka kitu chochote. Wakikuta boma, wanaliparamia. Wakikuta kidimbwi, wanaogelea. Wakikuta kichaka, wanatambaa chini yake. Ilikuwa mwiko kupita kando. Mara kwa mara katika majira ya joto Roosevelt aliwachukua wavulana katika mashua za makasia, wakaenda kulala ufukoni. Yeye mwenyewe ndiye aliyepika nyama, na usiku, moto ukiwaka, aliwasimulia hadithi za kutisha mpaka wadogo wakasogeleana.

Lakini si kila mtoto aliyezaliwa na kifua cha simba. Alice alikumbuka hata uzeeni jinsi alivyotetemeka akiamriwa kujitupa majini, baba yake akimngoja chini. Ted, aliyekuwa mtoto wa kiume wa kwanza, alisukumwa zaidi ya wote. Mwaka 1898, alipokuwa na miaka kumi tu, alianza kuumwa kichwa na mishipa yake ya fahamu ikadhoofika. Daktari wa nyumba ile alitambua kwamba mtoto hana ugonjwa ila mzigo wa matarajio ya baba yake, akamwambia mzee huyo waziwazi. Roosevelt hakukasirika. Alikiri kosa na kuahidi kutomshurutisha tena, na Ted akapona. Waalimu na wazazi wanaosoma gazeti letu watafahamu jinsi lilivyo gumu kwa mtu mwenye nguvu kukiri jambo la namna hiyo.

Mnamo Septemba 1901 Rais McKinley alipigwa risasi, naye Roosevelt alikuwa Makamu wa Rais. Habari kwamba Rais yu karibu kufa zilimfikia katika milima ya Adirondack, akiwa ameshuka kidogo tu kutoka kilele cha Mlima Marcy. Iliwabidi wamtafute kwa miguu ili wampe simu ile. Akawa Rais tarehe 14 Septemba, mwenye umri wa miaka 42, na hajapata kuwako mwingine aliyeshika kazi ile katika umri mdogo kuliko huo.

Ikulu ya Washington haikuwa imepata kuona watoto kama wale. Waliteleza kwenye ngazi kwa masinia ya jikoni. Walitembea kwa miti mirefu katika vyumba vya wageni. Archie alipougua surua mwaka 1903, nduguye Quentin alimwingiza farasi wao mdogo, Algonquin, katika lifti na kumpandisha hadi chumbani kwa mgonjwa, ili amwone rafiki yake. Baba yao, mwenye mambo ya dunia mikononi, alijitahidi ifikapo saa kumi alasiri kuacha kazi na kucheza nao. Alipokuwa safarini aliwaandikia barua, na kwa wale wasiojua kusoma bado alichora picha za wanyama aliowaona njiani.

Mapenzi yake ya pori sasa yalikuwa na nguvu ya serikali nyuma yake. Zamani, mwaka 1883, alikuwa amekwenda Dakota kuwinda nyati wa nyika za Marekani, ikamchukua siku nyingi kumpata mmoja, kwa kuwa walikuwa wamekwisha kuuawa karibu wote. Hakulisahau jambo hilo. Mwaka 1903 alikifanya Kisiwa cha Pelican, katika Florida, kuwa hifadhi ya ndege, kwa sababu mwari wa hapo walikuwa wakiuawa ili manyoya yao yapambe kofia za mabibi. Mwezi wa Mei mwaka ule alikwenda Yosemite na John Muir, mpenzi mkuu wa milima, wakalala nje usiku tatu chini ya miti mikubwa ya kale, na asubuhi moja Rais wa Marekani aliamka blanketi zake zimefunikwa na theluji, naye amefurahi kama mtoto. Mpaka alipotoka madarakani alikuwa ametenga ekari zipatazo milioni 230: misitu ya taifa 150, hifadhi za ndege 51, mbuga za taifa 5, na mahali pengine pa ajabu, lile bonde kuu la Grand Canyon likiwamo. Tukumbuke pia kwamba sehemu ya ardhi hiyo ilikuwa ya wenyeji wa kale wa nchi ile, nao hawakuulizwa vya kutosha.

Sasa turudi Mombasa. Kijana aliyeshuka naye melini alikuwa Kermit, aliyeiacha Harvard kwa muda ili afuatane na baba yake. Walipanda gari moshi la Uganda, nao mara nyingi waliketi kwenye ubao uliofungwa mbele ya injini, wakitazama nyumbu, pundamilia na twiga wakipita kando ya reli. Kutoka Kapiti walianza safari yenye wapagazi zaidi ya 200. Tani 4 za chumvi zilichukuliwa kwa kuhifadhi ngozi, maana walitumwa na jumba la makumbusho la Smithsonian. Wapagazi wetu, ambao hawamnyimi mtu jina, walimwita mzee Bwana Mkubwa. Kermit alianza kuwa Bwana Mdogo, kisha wakamwita Bwana Maridadi. Wazee hao ndio waliobeba safari nzima vichwani mwao, kutoka Athi hadi Sotik, Naivasha, Mlima Kenya na Uganda, na vitabu vingi vimewapita bila kutaja hata mmoja.

Hesabu ya safari ile inastaajabisha. Walikusanya viumbe wapatao 11,400, wakubwa kwa wadogo, hata wadudu. Baba na mwana peke yao waliua wanyama 512, na kati yao walikuwamo vifaru weupe 9, waliowapiga kando ya Mto Nile. Dume la mwisho la vifaru weupe wa kaskazini lilikufa Laikipia mwaka 2018. Si haki kumtwika Roosevelt lawama yote, kwa kuwa ujangili wa miaka ya baadaye ndio uliowamaliza. Walakini mtu aliyewaonea huruma mwari wa Florida hakuiona hatari hiyo hapa kwetu. Wala hakuona kwamba wenye nchi hii waliweza kuitawala wenyewe. Katika jambo hilo aliwaza kama wakoloni waliomkaribisha. Safari ilikwisha Khartoum tarehe 14 Machi 1910, ambako Edith na Ethel walikuja kuwapokea, baada ya mwaka mzima wa kungoja.

Safari ya mwisho ya baba na mwana huyo ilikuwa Brazil, mwaka 1914. Pamoja na Kanali Rondon wa nchi ile waliteremka mto ambao mwisho wake haukuwa katika ramani yoyote. Kermit alikuwa na mchumba aliyekuwa akimngoja, lakini mama yake alitaka awepo ili amtunze mzee. Alifanya vyema kuja. Mitumbwi ilivunjika kwenye maporomoko, watu watatu wakapotea, na Roosevelt, akijaribu kuokoa mtumbwi, aliumia mguu. Jeraha lilioza, homa ikapanda. Alipoona kwamba anawachelewesha wenziwe, na chakula ki karibu kwisha, aliwataka wamwache hapo afe. Kermit alikataa. Mzee alitambua kwamba akifa, kijana huyu ataibeba hata maiti yake kupitia maporomoko yale, na kwa hiyo njia pekee ya kumwokoa mwanawe ni yeye kubaki hai. Wakatoka wote wawili. Mto ule leo unaitwa Roosevelt.

Vita Kuu ilipowafikia Wamarekani mwaka 1917, Roosevelt, mwenye miaka 58 na afya mbovu, aliomba aruhusiwe kuongoza jeshi la wenye kujitolea. Serikali ilikataa. Lakini wanawe wanne walikwenda, wala hapana aliyewashurutisha. Walikuwa wamefundishwa tangu wangali wadogo kwamba kizuizi hakipitiwi kando. Archie alijeruhiwa vibaya mwezi wa Machi 1918. Ted alidhurika kwa moshi wa sumu, kisha akapigwa risasi mguuni. Kermit alipigana Mesopotamia. Quentin, yule aliyempandisha farasi katika lifti, alikuwa rubani wa eropleni. Tarehe 14 Julai 1918 aliangushwa na eropleni za Wajerumani karibu na kijiji cha Chamery, Ufaransa, naye hajatimiza miaka 21. Maadui zake walimzika kwa heshima pale alipoanguka.

Mbele ya watu Roosevelt alisimama wima, akasema anaona fahari. Waliomjua nyumbani waliona mtu mwingine. Alitambua vema kwamba ni yeye aliyewalea watoto hao wawe hivyo walivyokuwa, na fikira hiyo haikumwacha. Furaha yake ya kitoto ilimtoka. Mwili nao ukafuata, ukishindwa na homa za Brazil na maumivu ya viungo. Usiku wa kuamkia tarehe 6 Januari 1919, katika nyumba ya Sagamore Hill, alikufa usingizini akiwa na umri wa miaka 60. Archie, aliyekuwa nyumbani kwa ajili ya majeraha yake, ndiye aliyewapelekea simu ndugu zake waliokuwa bado Ulaya.

Baada ya vita watoto waliobaki walifanya kazi, wakasafiri. Vita ya pili ilipokuja, wana watatu waliobaki waliingia tena jeshini. Kermit alikufa Alaska mwaka 1943. Ted, yule aliyeumwa kichwa utotoni, sasa jenerali mwenye miaka 56 na mkongojo, alishuka na askari wa kwanza katika pwani ya Normandy tarehe 6 Juni 1944, akafa kwa ugonjwa wa moyo majuma matano baadaye. Edith, mama yao, alifariki mwaka 1948. Zamani, Quentin alipouawa, wazazi wake walikuwa wameomba asihamishwe, abaki pale pale alipoanguka. Mwaka 1955 mifupa yake iliondolewa Chamery na kupelekwa Normandy, na sasa amelala kando ya kaka yake.